Ufugaji wa Samaki: Jicho Ndani ya Maji



Somo letu la leo lilianzia ukingoni mwa bwawa. Kijiji chenyewe hatutakitaja, maana yaliyotokea yalikuwa na aibu kidogo, na wenyewe wametuomba tusiwaanike. Tuseme tu kwamba ni wilaya ya Bahi, karibu na mashamba ya mpunga, na kwamba kikundi kina watu kumi na wanane. Wengi wao ni akina mama tuliosoma nao darasa la kisomo.

Kikundi hicho kilichimba bwawa la samaki. Urefu wake mita 20, upana mita 20. Udongo wa pale ni wa mbuga, unashika maji vizuri. Maji waliyavuta kutoka mfereji wa mpunga. Mwezi wa Januari wakapanda vifaranga 1,200 vya perege, yaani samaki watatu kwa kila mita moja ya mraba. Wakawa wanatupa pumba asubuhi na jioni. Wakangoja.

Ikafika Septemba. Miezi minane imepita, na hakuna mtu aliyeona samaki wa maana. Wakitupa pumba, maji yanatikisika kidogo, basi. Maneno yakaanza. Mweka hazina wa kikundi ni mama mmoja ambaye nyumba yake iko karibu na bwawa kuliko nyumba zote. Mmoja akasema amesikia maji yanachapwa usiku. Mwingine akasema mama huyo amenunua kitenge kipya. Mnajua mambo ya vijijini yanavyokwenda. Kabla mwezi haujaisha, watu walikuwa hawamsalimu kisimani.

Hapo ndipo alipokuja mfanyabiashara mmoja na simu yake. Kwenye kioo cha simu aliwaonyesha picha za samaki wakiogelea chini ya maji, safi kabisa, unahesabu hata magamba. Akasema, "Nunueni kamera hii. Mnaizamisha bwawani, mnakaa kivulini, mnawaona samaki wenu wote." Bei yake ilikuwa karibu nusu ya akiba ya kikundi. Watu wakagawanyika. Wengine walitaka kamera ili mwizi ajulikane. Wengine walitaka fedha zibaki. Mwenyekiti akatutumia ujumbe: njooni mtusaidie, tununue au tusinunue?

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tulisoma, tukamwuliza bwana samaki wa wilaya, kisha tukaenda. Tuliyojifunza ndiyo haya.

KAMERA HIYO INAFANYAJE KAZI?

Kamera ya ndani ya maji si uchawi. Ni kamera kama zile zilizomo kwenye simu, lakini imefungiwa ndani ya kifuko kigumu kisichoingiza maji, chenye dirisha la kioo mbele. Waya hupeleka picha juu, kwenye simu au kompyuta. Nyingine zina taa zake zenyewe.

Jambo hili si geni sana. Mfaransa mmoja, Louis Boutan, mtaalamu wa viumbe, alipiga picha chini ya bahari mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2007, wataalamu kutoka Japani walishusha mashine yenye kamera katika bahari ya Tanga, wakampata kwenye picha silikanti akiwa hai kwenye vilindi. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka tangu zamani za kale, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hata hivyo, hakuna mtu ambaye angeweza kuzamia na kumtazama kwa urahisi huko anakoishi. Kamera iliweza.

Kwa upande wa ufugaji, nchi inayotumia kamera hizi kwa wingi ni Norwei, huko Ulaya ya kaskazini. Wanafuga samaki aitwaye salmoni ndani ya vizimba baharini. Kizimba ni wavu mkubwa unaoning'inia majini kama kapu. Msifikiri ni kapu dogo. Mdomo wa kizimba kimoja unaweza kufika mita 50 kutoka upande hadi upande, na kina chake ni mita nyingi kwenda chini. Sheria yao inaruhusu samaki wasiozidi 200,000 katika kizimba kimoja. Laki mbili! Wilaya nyingi hazina mbuzi wa idadi hiyo katika tarafa moja.

Sasa jiulize: mtu amesimama juu ya maji, samaki laki mbili wako chini, chakula chao kinazama. Atajuaje kama wameshiba? Akizidisha, chakula kinapita katikati ya samaki na kupotea chini. Akipunguza, samaki wanadumaa. Na katika ufugaji wa samaki, hakuna gharama inayoshinda chakula. Mara nyingi nusu ya gharama zote, au zaidi, huliwa na chakula. Ndiyo maana Wanorwei huning'iniza kamera ndani ya kizimba. Mfanyakazi anakaa mbele ya kioo, anatazama. Akiona punje za chakula zinashuka bila kuguswa, anafunga mashine ya kulishia. Siku hizi kompyuta zenye akili mnemba zinafundishwa kuziona punje hizo zenyewe na kumwambia binadamu.

Kazi nyingine ni kuhesabu chawa. Ndiyo, samaki nao wana chawa. Chawa wa salmoni hung'ang'ania ngozi na kuila. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, sheria ya Norwei inadai kwamba ukichukua samaki kumi, chawa jike wakubwa wasifike watano kwa jumla. Zamani ilikuwa lazima samaki watolewe majini, wakaguliwe kwa macho, warudishwe. Samaki akishikwashikwa hupata vidonda. Kamera humkagua akipita.

Na kazi ya tatu ni kukadiria uzito. Hii ilitushangaza kuliko zote, basi tutaieleza polepole.

MACHO MAWILI

Fumba jicho moja. Sasa jaribu kutunga uzi kwenye sindano. Unaona taabu yake? Jicho moja linaona sindano, lakini halijui vizuri iko mbali kiasi gani. Macho mawili yanajua.

Kamera za kupimia samaki nazo huwekwa mbili, bega kwa bega, kama macho ya mtu. Kila moja hupiga picha yake. Kompyuta hulinganisha picha hizo mbili na kukokotoa samaki yuko umbali gani, na hivyo urefu wake ni sentimita ngapi. Ukiwa na jicho moja tu, samaki mdogo aliye karibu na samaki mkubwa aliye mbali wataonekana sawasawa.

Kutoka urefu wanapata uzito. Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi hukosea. Perege wa sentimita 10 ana uzito wa karibu gramu 20. Je, perege wa sentimita 20 ana gramu 40? La. Ana karibu gramu 160. Kwa sababu samaki akikua mara mbili kwa urefu, huongezeka mara mbili kwa kimo pia, na mara mbili kwa unene. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Ndiyo maana sokoni Majengo, mama muuza samaki hakubali kukupa perege mmoja mrefu kwa wawili wafupi. Hesabu hiyo anaijua bila daftari.

Lakini maji yanadanganya macho. Chukua bakuli, weka sarafu chini katikati. Rudi nyuma hadi ukingo wa bakuli uifiche sarafu, usiione. Simama hapo hapo. Mwenzako amimine maji polepole. Sarafu itajitokeza! Haikusogea. Mwanga ndio uliopinda ulipotoka majini kuingia hewani. Kamera nayo hupatwa na hila hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuitumia kupimia, wataalamu huizamishia kitu ambacho urefu wake unajulikana, kama rula, ili kompyuta isahihishe hesabu zake.

CHUPA NA GAZETI

Mpaka hapo kamera inapendeza. Na sisi ilitupendeza. Lakini twendeni kwenye maji yetu.

Fanya jaribio hili kabla ya kuendelea kusoma. Chukua chupa nyeupe ya maji, ile ya plastiki inayopitisha mwanga. Toa karatasi yake. Ijaze maji safi ya bomba, iweke mbele ya gazeti hili, usome mstari mmoja kupitia humo. Herufi zitapinda kidogo lakini utasoma. Sasa mwaga, uijaze maji ya lambo au ya bwawa lako. Soma tena.

Kama huwezi kusoma kupitia chupa yenye unene wa sentimita chache, je, kamera itamwona samaki aliye umbali wa mita mbili?

Maji ya bahari ya Norwei ni maangavu. Ya Dodoma siyo. Kwetu mvua ni chache, huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ikija inakuja kwa nguvu. Inakokota udongo mwekundu kutoka mashamba yaliyo wazi na njia za ng'ombe, inaumwaga mitoni na kwenye malambo. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, limekuwa likijazwa udongo namna hiyo kwa miaka mingi. Baadaye jua na upepo hunyonya maji, na tope linalobaki huzidi kuwa zito.

Kuna mtu atasema: si kamera ina taa? Hapo tumsimulie dereva wa usiku katika barabara ya vumbi. Lori likimtangulia na kutimua vumbi, akiwasha taa kubwa, anaona vizuri zaidi? Haoni kitu. Mwanga unagonga vumbi na kumrudia machoni. Anapunguza taa. Chembe za tope majini hufanya vivyo hivyo kwa taa ya kamera. Ukiongeza taa, unaongeza ukungu.

Pia bwawa la samaki lenye afya halitakiwi kuwa na maji maangavu. Linatakiwa kuwa na rangi ya kijani kidogo. Kijani hicho ni mimea midogo mno ambayo perege huila, na ambayo mchana hutoa oksijeni wanayopumua samaki. Kwa hiyo mfugaji wa perege anayetaka maji ya kupiga picha anafukuza chakula cha bure. Hili mfanyabiashara hakulisema. Labda hakulijua.

Kupima maji yako hakuhitaji fedha. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alianzisha kipimo hiki mwaka 1865, na wataalamu wangali wanakitumia. Chukua sahani nyeupe ya bati, itoboe katikati, ifunge kwenye fimbo uliyoichora alama kila sentimita 5. Saa sita mchana, izamishe taratibu. Inapotoweka machoni, soma alama. Kama ni kati ya sentimita 25 na 40, na maji ni ya kijani, mambo mazuri. Kama ni chini ya 20 na maji ni kijani kizito, punguza kulisha na kutia samadi, kwani usiku mimea hiyo nayo hupumua na kumaliza oksijeni. Ukiamka alfajiri na kukuta samaki wanahema midomo juu, ni dalili ya jambo hilo. Ingiza maji mapya upesi. Kama maji ni mekundu, tatizo ni udongo. Panda nyasi kwenye kingo, zuia ng'ombe wasiingie, na chimba shimo dogo la kutulizia maji ya mfereji kabla hayajaingia bwawani.

Tulipopima katika bwawa la kile kikundi, sahani ilitoweka kwenye sentimita 12. Nyekundu tupu.

SIKU YA KAMERA

Tulimwomba mfanyabiashara alete kamera yake ijaribiwe kabla ya kununuliwa. Alikubali, na tunamshukuru, maana wengine wasingekubali. Kijiji kizima kilikuja, hata watoto wa shule. Kamera ikashushwa. Watu wakaizunguka ile simu wakasukumana.

Kilichoonekana ni rangi ya chai ya maziwa. Basi. Wakaisogeza kulia, chai. Wakaisogeza kushoto, chai. Mara moja kivuli kilipita, mtu akapiga kelele, "Huyo!" Mwingine akasema ni jani. Mweka hazina alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, hasemi neno.

Mfanyabiashara alisema tatizo ni maji, siyo kamera. Kweli kabisa. Ile kamera ilikuwa nzima. Tungekuwa na vizimba Ziwa Viktoria tungezungumza mengine. Huko Mwanza, Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba kwa wavuvi na wafugaji. Mwenye kizimba ana hofu ya wavu kutoboka chini, mahali ambapo macho hayafiki, na samaki wote wakaenda zao. Ana hofu ya samaki waliokufa kulala kwenye sakafu ya wavu wakaoza. Kamera ndogo inaweza kumwonyesha hayo bila mtu kuzamia, ilimradi maji siku hiyo yapitishe mwanga, na lenzi ifutwe mara kwa mara, kwani ukoko wa kijani huota juu ya kioo. Lakini bwawa letu lina kina cha mita moja na kidogo. Ukitaka kujua kilichoko chini, unaingia.

Kuna pia mashine zinazotumia sauti badala ya mwanga. Hutoa mlio, kisha husikiliza mwangwi ukirudi, kama popo anavyofanya gizani. Hizo huona hata kwenye tope. Bei yake si ya kikundi cha kijiji, na tunataja tu ili mjue zipo. Kambale mwenyewe, tukumbuke, hategemei macho. Anapapasa kwa sharubu.

UNGO NA WAVU

Bwana samaki alikuwa amekuja na vitu viwili: ungo na wavu wa kukokota.

Ungo aliufunga kamba nne, akaweka juu yake chakula kilichopimwa, akaushusha sentimita 30 chini ya maji. Baada ya nusu saa tukaupandisha. Pumba karibu zote zilikuwa zimebaki, zimelowa. "Hii ndiyo kamera yenu," akasema. "Kila siku kilichobaki kwenye ungo kinakuambia kesho upunguze kiasi gani. Kikiisha chote upesi, ongeza kidogo." Alieleza pia kwamba Juni na Julai, baridi ya Dodoma inaposhuka usiku, perege hula kidogo sana. Anapenda maji ya joto la nyuzi 25 hadi 30. Kulisha kwa mazoea miezi hiyo ni kutupa fedha majini. Tena pumba peke yake hazitoshi. Changanya na mashudu ya alizeti, ambayo mkoa wetu na Singida tunayo tele, na unga wa dagaa. Chakula cha dukani kinachoelea kina faida nyingine: samaki wanakifuata juu na unawaona kwa macho yako mwenyewe.

Kisha wavu. Vijana sita waliingia majini, watatu kila upande, wakaukokota polepole hadi kona. Maji yakaanza kuchemka. Samaki! Akina mama walipiga vigelegele. Tulichota samaki wakubwa 40 bila kuchagua mmoja mmoja, tukawapima kwenye ndoo. Kilo 4 kamili.

Tukapiga hesabu pale pale ukingoni, kwa kijiti kwenye udongo. Kilo 4 ni gramu 4,000. Gawanya kwa 40, unapata gramu 100 kwa samaki mmoja. Kwa miezi minane walitakiwa kufika gramu 250 au zaidi. Wamedumaa. Kwa nini? Jibu lilikuwa kwenye wavu ule ule: mamia ya samaki wadogo wa urefu wa kidole, ambao hakuna aliyewapanda. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na jike hubeba mayai na watoto kinywani mwake mpaka wawe na nguvu. Madume na majike wakikaa pamoja, bwawa hujaa watoto, na chakula cha wachache kinaliwa na wengi. Dawa yake ni kununua vifaranga vya dume pekee, au kuweka kambale wachache wa kula watoto hao, ila waingizwe wakati perege wamekwisha kuwa wakubwa kuliko midomo yao.

Basi samaki wapo. Lakini je, wapo wangapi? Wavu haukuweza kusema, na mashaka juu ya mweka hazina yalikuwa pale pale. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Waliobaki tumewaona. Waliouzwa je?" Hapo hatukuwa na la kujibu. Bwana samaki alisema njia ya kuhesabu bila ubishi ni moja tu: kukausha bwawa. Kikundi kikapanga mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua.

HESABU YA DAFTARI

Siku hiyo tulikuwapo. Maji yalifunguliwa alfajiri. Kufika saa nne samaki walikuwa wamebaki kwenye dimbwi la kati, wanachotwa kwa ndoo. Wakubwa walihesabiwa kwa makumi, mtu mmoja anataja, wawili wanaandika kila mmoja peke yake. Walipolinganisha, wote wawili walikuwa na 871.

Wamepandwa 1,200. Wamepatikana 871. Wamepungua 329. Kukawa kimya. Nyuso zote ziligeuka upande mmoja.

Yule mama akaomba aende nyumbani mara moja. Alirudi na daftari la kurasa 48, lile lile alilokuwa nalo darasani kwetu. Akafungua, akasoma kwa kidole, taratibu, kama anavyosoma siku zote. Januari 14, wamekufa 61. Januari 15, wamekufa 48. Januari 16, wamekufa 33. Vifaranga walikuwa wamesafirishwa kwenye joto la mchana, na alikuwa akiwaokota juu ya maji kila asubuhi na kuwafukia. Februari wachache. Machi, baada ya mvua kubwa, 40 kwa siku moja. Alipomaliza, vijana walijumlisha: 214.

Toa 214 katika 329, zinabaki 115. Kwa samaki 1,200, hiyo ni chini kidogo ya kumi katika kila mia. Bwana samaki alinyoosha mkono kwenye mti mkavu upande wa pili, ambako minandi wawili walikuwa wametandaza mabawa wakikausha manyoya. Tangu tulipofika hawakuondoka. Kila mmoja alikuwa amewaona ndege hao miezi yote, na hakuna aliyewaandika popote.

Tulimwuliza mama kwa nini hakulileta daftari lile Septemba. Akasema hakuna aliyemwuliza idadi. Walimwuliza kitenge.

Mzee aliyesema maneno alimpa mkono mbele ya watu. Kikundi hakikununua kamera. Kilinunua mizani, wavu wa kukokota, na nyavu nyepesi za kufunika juu ya bwawa kuzuia ndege. Mfanyabiashara yule tunasikia amepeleka kamera zake kandoni mwa ziwa, na tunamtakia heri.

KAZI YA KIKUNDI

Someni swali hili kwa sauti, kisha mpige hesabu pamoja.

Mwezi Septemba, kikundi kilidhani kina samaki wakubwa 1,200, kila mmoja gramu 100. Uzito wa samaki wote ungekuwa kilo 120. Wakilishwa kilo 3 kwa kila kilo 100 za samaki, watahitaji kilo 3.6 za chakula kwa siku. Lakini tuseme samaki walikuwa 871 tayari. Je, walihitaji kilo ngapi kwa siku? Kama kilo moja ya chakula ni shilingi 2,500, ni shilingi ngapi zilizokuwa zikizama kila siku, na ngapi kwa mwezi wa siku 30? Samaki wadogo tumewaacha nje ya hesabu kwa makusudi. Jadilini wao mngewalisha au mngewafanya nini.

Ambao mna bwawa au lambo karibu, pimeni kwa sahani mara moja kila juma kwa majuma manne, saa ile ile, mahali pale pale. Andikeni tarehe, sentimita, na rangi ya maji. Andikeni na ndege.